Paketi Yenye Picha ya Nyanya

Yoga noi kwa mlioko Amagoro, Kocholia na Angurai. Mulembe kwa majirani zetu wa upande wa Bungoma. Na wewe dereva uliyekwama kwenye foleni ya malori ya kwenda Malaba, umezima injini na umening'iniza mguu dirishani, karibu pia. Wewe ndiye mwenye muda wa kunisikiliza kuliko wote.

Leo nataka tuzungumze habari ya paketi. Ndiyo, paketi. Sisemi kilichomo ndani, nasema paketi yenyewe: ile karatasi au nailoni unayoirarua kwa meno, ukala kilichomo, halafu ukaitupa bila hata kuisalimu. Je, umewahi kukaa chini ukaisoma paketi mwanzo hadi mwisho, kama unavyosoma barua? Mimi nilikuwa sijawahi. Nimeisoma wiki iliyopita, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nitawaeleza kwa nini.

Mambo yalianzia nyumbani. Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko gredi ya nane. Kama una mtoto katika mtaala huu wa umilisi, unajua kwamba mtoto hasomi peke yake, ukoo mzima unasoma. Leo analeta udongo wa kufinyanga, kesho anataka katoni tupu, keshokutwa anataka manyoya ya kuku na kuku mwenyewe hajakubali. Basi jioni moja akaja na kazi mpya: buni kitafunio cha afya chenye asili ya chakula cha kienyeji, halafu kichoree paketi. Akanikalia hapo na kalamu zake za rangi. "Mjomba, nisaidie."

Kitafunio alikichagua mwenyewe bila kusita. Amukeke. Kwa msikilizaji ambaye hajui amukeke, na namhurumia, ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani hadi vikauke kau. Kazi hiyo hufanywa wakati wa kiangazi, jua likiwa halina mzaha. Vikishakauka huwekwa akiba, na miezi ya njaa ikifika huchemshwa, vikaliwa na njugu zilizosagwa, au na maharagwe, au kwa ukwaju ukipenda uchachu kidogo. Watoto hawangoji kuchemshiwa. Huviiba vikavu na kuvitafuna njiani kwenda shule, na ukimkuta mtoto wa Kiteso ana meno imara, sasa unajua amefanyia mazoezi wapi.

Chakula tunacho, basi. Jina je? Nikadhani jina pia tunalo. Mpwa wangu akanitazama kwa huruma. "Mjomba, hakuna mtu atanunua kitu kinachoitwa amukeke." Mbona? "Kwa sababu kila mtu anakijua."

Nimelirudia neno hilo kichwani wiki nzima. Hakitanunuliwa kwa sababu kinajulikana! Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hawakuwahi kusimama mbele ya rafu za duka kubwa. Pale, kizuri na kibaya vyote vimevaa nguo za harusi, na kile kisicho na nguo hakiingii mlangoni.

Basi chakula chetu kikabatizwa. Kikaitwa Amu-Fiti. Mimi nikakubali, ila kwa sharti moja: paketi hii tuichore kwa kejeli. Iseme kila kitu ambacho paketi za vyakula vya afya husema, tena iseme kwa sauti ya juu, mpaka ijiumbue yenyewe. Mpwa wangu ni mtoto wa mjini kidogo, akaelewa upesi. Tukaanza.

Upande wa mbele ndio wa maringo. Kwanza picha. Paketi ya chakula cha kienyeji lazima iwe na nyanya. Nasema nyanya mzaa mama, si nyanya za kachumbari. Nanyi mmemwona: mwanamke mzee amejifunga kitambaa, ana kikapu, anatabasamu meno yote thelathini na mawili, na nyuma yake jua linazama. Chini yake imeandikwa "Mapishi ya Nyanya". Mpwa wangu akamchora vizuri sana. Halafu, kwa kuwa nyanya halisi alikuwa jikoni, yaani mama yangu mimi, tukampelekea aone.

Mama akaishika karatasi kwa mbali, jinsi wazee wanavyoshika maandishi. Akauliza, "Huyu ni nani?" Ni wewe, Nyanya. "Anacheka nini?" Tukakosa jibu. Akasema, "Mimi sijawahi kucheka nikianika viazi. Jua huwa kali, na kuku wanakuja." Akaturudishia karatasi yetu, akaendelea kuchambua mboga.

Hebu fikirini, wasikilizaji. Ni nyanya wangapi wamewekwa kwenye paketi za unga, za chai, za viungo? Na ni nyanya wangapi waliulizwa? Kazi ya nyanya kwenye paketi ni kutabasamu tu. Yule aliyejua viazi vikatwe unene gani, vigeuzwe lini, vianuliwe lini mvua ikinukia, huyo hayumo. Hata ile picha yake imetolewa jasho.

Basi tukamchora upya. Amekunja uso, ana fimbo ya kufukuzia kuku. Chini tukaandika: "Nyanya huyu hakuulizwa."

Sasa maneno ya kusifia. Hapa ndipo tulipofurahi zaidi. Tuliandika kwa herufi kubwa: HAINA KOLESTEROLI. HAINA GLUTENI. HAINA HARAKA.

Mnacheka, lakini nendeni jikoni mkaitazame chupa ya mafuta ya kupikia. Nyingi zimeandikwa kwa fahari kwamba hazina kolesteroli. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama: nyama, mayai, maziwa. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuzungumzia tangu Mungu aumbe alizeti. Gluteni nayo ni protini ya ngano na jamaa zake. Kiazi kitaitoa wapi? Ni kama mimi nije hapa studioni nijisifu kwamba sijawahi kuiba ndege. Ni kweli kabisa. Lakini nani alinishuku? Sifa ya namna hiyo haidanganyi kwa neno, inadanganya kwa nia. Inakufanya umwangalie jirani yake kwenye rafu na kujiuliza: kumbe ile nyingine inayo?

Ndiyo maana nasema kejeli ni mwalimu mzuri. Ukiiga paketi na kutia chumvi kidogo, chumvi ile ile iliyokuwamo unaanza kuionja. Hata mbali huko Marekani, kampuni ya pipi na kadi iitwayo Topps ilipata mali kwa mzaha huu. Kuanzia mwaka 1967, na zaidi mwaka 1973, iliuza picha za kubandika zilizoitwa Wacky Packages, bidhaa maarufu za madukani zikiwa zimegeuzwa majina na kuchekwa. Mmoja wa wachoraji alikuwa Art Spiegelman, ambaye baadaye alichora Maus, hadithi nzito ya wazazi wake walionusurika mauaji ya Wayahudi. Alianza kwa kucheka maboksi ya sabuni na biskuti.

Lakini kwa nini twende Marekani? Vukeni daraja tu hapo Malaba. Mkifika upande wa Uganda, mtu ana jiko, ana chapati, ana mayai mawili na nyanya. Hizi sasa ndizo nyanya za kachumbari! Anakaanga, anakunja, anakuviringishia. Anaiitaje? Rolex. Wanasema jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai ya kuviringisha, na wengi huitaja Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kuwa ndiko lilikovuma. Lakini sikio linasikia nini? Linasikia saa ya tajiri. Mtu hana shilingi mfukoni, anakula Rolex kando ya barabara, imefungwa kwa gazeti la juzi! Hiyo ndiyo kejeli ya paketi isiyo na paketi, na haikutungwa na kampuni. Naiheshimu kuliko matangazo yote ya barabarani kutoka hapa hadi Nairobi.

Turudi kwa Amu-Fiti. Nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoacha kucheka.

Mpwa wangu akachora duara la rangi ya machungwa, na ndani yake akaandika: "Vitamini A tele!" Nikamuuliza, umeitoa wapi? Akasema alifunzwa kwamba viazi vitamu vina vitamini A. Je, ni kweli? Ni kweli kwa viazi vya rangi ya machungwa ndani, ndugu zangu. Vile mnavyoviona siku hizi, vyekundu kama karoti ukivikata. Wanasayansi wamevihangaikia miaka mingi, akiwamo Mganda, Dkt. Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na wenzake watatu kwa kazi ya kuongeza virutubishi katika mazao, viazi hivi vikiwa mbele. Lakini viazi ambavyo mama alikuwa ameanika ni vile vyeupe, vya siku zote. Hivyo vina vitamini A kidogo mno, karibu hakuna. Na hata ungeanika vile vya machungwa, jua na kukaa ghalani miezi hupunguza ile rangi, na rangi ndiyo yenye vitamini.

Mnaona? Tulikaa chini kuwacheka waongo, na kabla wino haujakauka tukawa tumedanganya sisi wenyewe. Tena kwa nia njema! Mtoto hakutaka kumlaghai mtu. Alikisikia kitu kizuri, kikafanana na chakula anachokipenda, akakibandika. Nadhani uongo mwingi wa paketi huzaliwa hivyo hivyo, na mwenye kuusema anauamini.

Tukalifuta lile duara. Mahali pake tukaandika: "Vitamini A: muulize kiazi cha machungwa."

Sasa geuza paketi. Nasema geuza, kwa sababu upande wa mbele ni wimbo, lakini upande wa nyuma una sheria. Hapo nyuma huwa pana maandishi madogo kama mayai ya chawa, nayo ndiyo yenye maana. Kuna jambo moja ambalo ukilishika leo litakufaa dukani maisha yako yote. Orodha ya viambato haiandikwi ovyo. Kanuni za kimataifa za Codex, chombo cha pamoja cha FAO na WHO kilichoanza mwaka 1963, na viwango vya Afrika Mashariki pia, vinadai kila kitu kipangwe kwa uzito. Kizito kwanza, chepesi mwisho. Narudia: kizito kwanza, chepesi mwisho.

Basi juzi nilichukua paketi ya biskuti, sitataja ya nani. Mbele imeandikwa WIMBI, na shuke la wimbi limechorwa likiinama kwa utajiri. Nyuma je? Unga wa ngano. Sukari. Mafuta. Wimbi nililikuta nikiwa nimekaribia kukata tamaa, limebanwa kati ya chumvi na kitu cha kuumulia. Wimbi lilialikwa harusini, lakini meza ya mbele haikuwa yake. Mtu aliyekunywa uji wa wimbi asubuhi hapa Amagoro, uji mweusi wenye ukwaju, amekula wimbi zaidi kuliko mwenye katoni nzima ya biskuti hizo.

Kuna nchi iliyochoka na mchezo huo. Chile, huko Amerika ya Kusini, mwaka 2016 ilianza kulazimisha alama nyeusi ya pembe nane, kama ile ya barabarani inayokuambia simama, ibandikwe upande wa mbele wa chakula chenye sukari nyingi, chumvi nyingi, mafuta mabaya mengi au kalori nyingi. Na wale wanyama wa katuni waliokuwa wakiwachekea watoto kwenye maboksi ya kiamshakinywa wakaondolewa. Meksiko ikafuata na alama zake mwaka 2020. Kwangu mimi, hiyo ni kejeli iliyopewa nguvu ya sheria: unajisifu kwa wimbo wako wote, na katikati ya wimbo serikali inakugonga muhuri usoni.

Upande wa nyuma wa Amu-Fiti tuliuandika hivi, nawasomea: "Viambato: viazi vitamu, jua." Basi. Halafu tahadhari. Mnajua zile tahadhari za kwamba bidhaa imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia pia njugu na maziwa? Sisi tukaandika: "Imeanikwa mahali ambapo hupita kuku, mbuzi na watoto wa jirani." Matumizi: "Tafuna hadi taarifa ya habari iishe." Inatosha watu wangapi? "Sita, au dereva mmoja wa trela." Bei: "Inategemea uko upande gani wa daraja." Tarehe ya mwisho wa matumizi: "Mvua ya kwanza ya Machi ikikukuta hujaanua."

Hapo kwenye kuku na mvua mpwa wangu akacheka sana. Mama hakucheka. Alisema, "Hayo ndiyo ya kweli peke yake." Na ana haki. Chakula kikianikwa juu ya udongo mtupu, kikanyeshewa, kikawekwa ghalani na unyevu, huota kuvu. Na kuvu wengine huacha sumu, sumukuvu, ile ambayo wengi tunaiita aflatoksini. Haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 huko Ukambani watu zaidi ya 120 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mengi yalikuwa ya mashambani mwao wenyewe, yamehifadhiwa nyumbani. Yalikuwa ya kienyeji, ya asili, hayana kemikali. Yangeweza kubeba sifa zote za upande wa mbele. Njugu nazo hushikwa sana na kuvu hao, na sisi huku njugu ndiyo mchuzi wetu.

Kwa hiyo mgala muue na haki yake mpe. Paketi naicheka, lakini tarehe iliyoandikwa juu yake siicheki. Alama ya KEBS, shirika letu la viwango, siicheki, maana ina nambari ya kibali na mtu wa kuulizwa. Nyanya wa kwenye picha hana anwani. Mama yangu anayo: ukiumwa tumbo kwa viazi vyake, unajua mlango wa kubisha. Tatizo linaanza pale chakula chake kinapotoka jikoni mwake kwenda kwa mtu asiyemjua. Hapo ndipo paketi inapohitajika kusema yale ambayo yeye angeyasema: nilivuna lini, nilianika wapi, kuna kiasi gani.

Na kuhusu kiasi, niruhusuni nichepuke kidogo. Mpwa wangu alitaka kuandika uzito kwa gramu. Mimi nikasema, sisi sokoni tunapima kwa nini? Kwa gorogoro. Na gorogoro ni nini? Wengi mmeshasahau. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, uliomalizika. Paketi ya kampuni! Ilikuja na rangi zake na sifa zake, mafuta yakaisha, rangi ikachubuka, wimbo wote ukafutika, ukabaki mkebe mtupu wa kupimia mahindi, maharagwe, mtama na amukeke. Tangu tupate uhuru sijaona paketi iliyofanya kazi ya maana kuliko hiyo. Basi tukaandika: "Uzito: gorogoro moja, bila kutikisa. Ukitikisa, ni ugomvi."

Na ilikwendaje shuleni? Mwalimu alicheka, akampa alama nzuri, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Uzito uandikwe kwa gramu." Mwalimu amesema sahihi, sheria ni sheria. Paketi ilirudi nyumbani tupu. Amukeke zilizokuwamo zililiwa kabla ya kengele ya mapumziko, na walioomba zaidi ni wale wale ambao wasingenunua kitu kinachoitwa amukeke.

Muda wangu umekwisha, mtayarishaji ananionyesha mkono. Kabla sijaondoka, kuna msikilizaji alinisikia nikitaja kipindi hiki jana, akapiga simu kuuliza Amu-Fiti inauzwa wapi. Ndugu yangu, haiuzwi popote. Tuliitunga. Lakini amukeke zipo, kwa akina mama wa sokoni, kwa gorogoro. Ukienda, usimuulize mama yule kama zina kolesteroli. Muulize alianika juu ya nini, udongo au turubai, na lini. Akikujibu bila kutabasamu, nunua.